Ngazi Mbili na Mfuko wa Saruji

Fungueni dirisha kwanza. Lote, si upande mmoja. Mkubwa, vuta hilo pazia, nimelishona mwenyewe, haling'ati. Sasa kaeni, sogezeni vigoda karibu, maana sauti yangu leo haina safari ndefu, na anayetaka kulia ajifute kimyakimya kwa upindo wa nguo yake; sikuwaita kwenye kilio, nimewaita niwausie. Nilizaa watoto watatu. Wawili nawaona hapa miguuni pangu, mmoja, binti yangu, namsikia anakohoa nje chini ya dirisha, kwenye jua kali la alasiri, na sitatamka neno la maana mpaka nijue na yeye ananisikia. Chuma, mama, unanipata huko? Haya, amegonga ukuta. Tuendelee.

Mwili huu umekwisha, msihangaike kunificha. Muuguzi aliyekuja juzi alizungusha maneno mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia, binti, mimi nimeshona magodoro tangu kabla mama yako hajaota meno, mwili unaoaga naujua kwa jinsi unavyolala. Kwa hiyo nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, na mtu asinikatize kwa kuniambia nitapona.

Najua mnachosubiri, wala siwalaumu, mtoto wa nyumba lazima aulizie nyumba. Mlidhani nimesinzia, mkawa jikoni mnagawana vyumba kwa mnong'ono ambao hata kuku waliusikia: chumba hiki cha mbele cha Mkubwa, cha nyuma pamoja na ua cha Mwalimu, na Chuma je? Chuma, mkasema, atatafutiwa kitu kingine, kwani yeye hata hivyo haingii. Haingii! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo. Mnalisema kama vile amechagua, kama mtu asiyekula bamia. Mtu haingii kwao kwa sababu ya ngazi mbili za mlango wa mama yake mzazi, ngazi ambazo wenye miguu mnazipanda huku mnapiga soga bila hata kuziona, halafu hizo hizo mnazifanya hoja ya kumnyima chumba. Mmenichosha, wanangu. Nawapenda, lakini mmenichosha.

Nyinyi ni watoto wa hamali, na huko ndiko ugonjwa wetu ulikoanzia. Mgongo wa baba yenu ndio uliokuwa shamba letu na duka letu; alibeba magunia ghalani mpaka mabega yakafanya sugu, na heshima yake yote mtaani ilikuwa kwamba hakuna mzigo uliowahi kumshinda. Akaileta kazi nyumbani ikawa desturi. Katika nyumba hii mwenye nguvu humbebea asiye na nguvu, tena bila kuuliza, kwa sababu baba yenu alisema kumuuliza mtu kama abebewe ni kutafuta njia ya kukwepa. Mgeni akitokea barabarani, kabla hajasalimia ameshanyang'anywa begi. Shangazi yenu mzee alipokuja na lori la mizigo, alinyanyuliwa juu juu huku anapiga kelele kwamba anaweza kutembea, na hakuna aliyemsikiliza, watu wanacheka tu kwa furaha. Ndivyo tulivyo. Upendo wetu uko mikononi, na mikono haina masikio.

Basi homa ilipomshika Chuma utotoni ikamwachia miguu isiyomtii, baba yenu hakulia hata chozi. Alisema, mgongo upo. Alimbeba kwenda shule na kumrudisha, mvua na jua, mtoto na vile vyuma vyake vya miguuni vikigongana, ndipo wenzake wakamwita Chuma kwa kumcheka, na yeye mjeuri akalichukua jina likawa lake. Watu walisimama njiani kumsifu baba. Sisemi alikosea, kila mtu humpenda mtoto wake kwa kile alichonacho, na yeye alikuwa na mgongo. Lakini mgongo wa mtu haukai milele. Siku tuliyomzika ndiyo siku Chuma alipoacha shule, kwa kuwa muda wote ule alipokuwa akibebwa, si sisi, si mwalimu mkuu, si mtu yeyote aliyewahi kufikiria kuutengeneza mlango wa darasa. Kwa nini wahangaike na mlango, na mbebaji yupo? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliyeshindilia usufi kwenye magodoro miaka yote nawaambia hata usufi ukilowa unavunja kiuno.

Akajifundisha kutengeneza redio akiwa amekaa sakafuni humu humu, kwa redio ya baba yenu iliyokufa, akaifungua na kuifunga mpaka ikasema. Kile kiti chake cha magurudumu mnachokiona hakupewa na mtu, alikinunua kwa mikono yake. Siku alipokileta alizunguka nacho uani mpaka kuku wakahama. Nilidhani mateso yamekwisha. Kumbe tulikuwa tumenunua magurudumu tukabaki na ngazi.

Mwalimu, usiinamishe kichwa, sikusemi, nakukumbusha. Siku ya harusi yako wajomba walimdaka Chuma getini kwa vigelegele, wakambeba hadi mbele kabisa, wakamketisha kwenye kochi lenye mito, sehemu ya heshima, na kiti chake wakakipeleka nyuma ya tangi la maji kisije kikaonekana kwenye picha. Nia njema kabisa. Akaomba kiti chake, akaambiwa tulia, utabebwa. Akaomba kutoka, akaambiwa subiri, wanapiga picha. Akamwita Mkubwa, Mkubwa akamjibu kwa mbali kwa kumpungia mkono, maana alikuwa anapokea wakwe. Yaliyompata kwenye lile kochi mbele ya wakwe sitayataja, yeye anayajua, na mimi ndiye niliyefua nguo. Wakati nafua aliniambia maneno machache tu: mama, mimi sibebwi tena, hata kwa mapenzi.

Mlifanya nini? Mkanuna. Mkasema anajidai, mkasema ameutukana mgongo wa baba. Akapanga chumba kule karibu na banda lake la redio, sakafu sawasawa na njia, na tangu hapo akija kuniona anaishia chini ya dirisha hili. Mimi ndiye niliyekuwa natoka. Nilitoka na kigoda changu na kazi yangu, nikashona magodoro nje ubavuni pake, na majirani wakadhani napenda upepo. Sasa miguu yangu nayo imegoma, tumebaki kuongea kupitia dirishani kama watu wanaokata tiketi.

Na msije mkasema sikuwaambia. Niliomba njia ya mteremko pale mlangoni mpaka ulimi ukaota sugu. Nilimleta mwashi mwenyewe, mzee mmoja mpole, akaja na pauro yake na bati la kuchanganyia, na wewe, Mkubwa, ukamfukuza. Eti watu watasema nini, mtoto anauza saruji mjini halafu mama yake anajengewa na mwashi wa kuokoteza! Ukaniambia utajenga mwenyewe, na si mteremko wa hovyo, utavunja baraza lote, uweke marumaru na mikono ya kushikia ya chuma inayong'aa. Nikafurahi, mjinga mimi. Ukaleta mfuko wa saruji mmoja wa kuanzia, ukauweka pale barazani. Masika yakaja yakaukuta pale pale. Ukaganda, wanangu, ukawa jiwe lenye umbo la mfuko, hata karatasi ikabanduka yenyewe, na leo ndio tunaoukalia tukivaa viatu. Kila ninapokuuliza, Mkubwa, jibu lako ni bado kidogo mama, nataka kiwe kitu kizuri. Hicho kizuri chako ndicho kilichotuua. Mtu mwenye kiu humpi picha ya kisima.

Mlango mpya, huo uliupatia nafasi. Mlango wa mbao ngumu, mpana, kitasa cha shaba, watu wakipita wanageuza shingo. Ngazi zile zile chini yake.

Nipeni maji. Kidogo tu. Hapana, Mwalimu, usininyanyue, niulize kwanza. Umeona? Mkono umeshafika mgongoni kwangu kabla mdomo haujafunguka. Haya, ninyanyue sasa, nimekubali. Taratibu. Hapo.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, na kama mtasahau mengine yote hilo mlishike. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miezi hii ya ugonjwa mmenibeba kwa mapenzi, Mungu awalipe, lakini mnanibeba mnakotaka nyinyi. Mnaniweka barazani nikitaka kulala, mnanilaza nikitaka baraza, mnanigeuzia ukutani ili nisipigwe na mwanga, na mimi nataka kuona nani anapita njiani. Nikisema, mnaniambia pumzika mama. Na mkinipeleka zahanati na kile kiti cha magurudumu cha kuazima, hapo ndipo nilipoijua dunia anayoishi mdogo wenu. Ule mfuniko wa mtaro uliovunjika pale njia panda, mtu mwenye miguu anauruka huku anaongea na simu, sisi tulizunguka mtaa mzima. Duka la nguo mlangoni wamepanga mabeseni, ukiomba wasogeze wanakuangalia kama umetukana ukoo wao. Zahanati dirisha la dawa liko juu mpaka nikawa naona mkono tu unashuka, na yule mwenye mkono akamuuliza Mwalimu, huyu bibi anatumia dawa gani? Bibi nipo hapa, nina mdomo, nina meno yangu matano mazima, na anaulizwa mwanangu. Kila mtu alinipa pole. Nimepewa pole nyingi za kujaza godoro, na hakuna hata mmoja aliyeshusha lile dirisha.

Chuma amekula maisha hayo tangu utoto, na bado mkimwona amekunja uso mnasema ana kisirani. Ana haki ya kisirani. Mimi nimeonja miezi tu na nikipewa rungu nitavunja ngazi zote za mji.

Mwalimu, na wewe nakuusia juu ya shule yako, maana sasa wewe ndiye mwalimu mkuu na hakuna mkubwa wa kumsingizia. Uliniambia una mwanafunzi wa kike anayetembelea magongo, mwenye akili, ila hachezi na wenzake wala hanywi maji mchana kutwa. Uliniambia ukicheka kwamba ana tabia za ajabu. Mwanangu, umesoma mpaka ukavaa joho na hilo limekupita? Nenda kakitazame choo cha shule. Kina ngazi kubwa na mlango mwembamba, yule mtoto anakausha koo ili asiombe kubebwa chooni na wenzake. Usiitishe kikao. Chukua mwashi. Na kabla mwashi hajaanza, muulize mtoto mwenyewe mkono wa kushikia uwekwe wapi, kwa sababu mkono wa kushikia ni wake.

Sasa mali. Cherehani yangu ni ya Mwalimu, ana binti mwenye mikono mitulivu. Vile vitambaa vya magodoro vilivyobaki mpeni jirani anayeshona mito. Shazia yangu, ile sindano kubwa ya magodoro niliyoichoma kwenye mto huu hapa, ni ya Chuma, maana aliniomba akiwa mdogo nikamwambia atajichoma, na mtu mzima sasa anayeyusha risasi ya kuungia nyaya za redio na bado hajawahi kupewa. Kiti cha baba yenu ni cha Mkubwa. Kisuguliwe, kimechakaa.

Nyumba ni yenu watatu sawasawa. Na nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, akaketi hapo ulipoketi, Mkubwa, akasikia kwa masikio yake, kwa hiyo msije mkajifanya hamkuelewa: hakuna atakayegawa hata kona ya chumba, hakuna atakayepangisha wala kuuza, mpaka kila mrithi aweze kuingia ndani kwa nguvu zake na wakati anaotaka yeye, akiwa na hasira au akiwa na furaha. Siku hiyo ndiyo mtakaa watatu meza moja mgawane. Kabla ya hapo mnagawana nini, na mwenzenu yuko juani?

Mkubwa, usiniambie kesho. Usiniambie mafundi wa marumaru wanakuja wiki ijayo. Sina wiki ijayo, mwanangu, na hicho ndicho kinachonikera, kwamba nitakufa nimeshika mikono ya watoto wawili na wa tatu namsikia kikohozi. Sitaki kukiaga kikohozi.

Simama. Ng'oa mlango.

Umenisikia vizuri, sijaweweseka. Ung'oe huo mlango wako wa mbao ngumu. Bisbisi? Huna bisbisi katika nyumba hii, ila mdogo wako haachani nayo. Chuma, mpe kaka yako bisbisi. Pitisha hapo dirishani. Pokea, Mkubwa. Useme asante.

Anza na bawaba za chini. Mwalimu, shikilia, ni mzito. Skrubu uziweke mfukoni zisipotee. Naona jua limeingia mpaka kitandani, sikujua chumba hiki kina mwanga hivi. Sasa ulazeni juu ya ngazi, ubavu mmoja mfupi ukae kwenye kizingiti, mwingine uguse chini. Kitasa kitolewe, kitamkwaza. Unabonyea katikati? Si una ule mfuko wako wa saruji? Usukumeni chini yake hapo katikati. Sogeza tena. Naam. Miaka yote hiyo umeketi bure, leo umepata kazi.

Kazi yote ndiyo hiyo, wanangu. Hata chai haijapoa. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomweka mtu nje ya kwao muda wote huu, na mimi nalala hapa najiuliza tulikuwa tunasubiri nini, ni nani aliyetuambia lazima kwanza iwe marumaru.

Ondokeni njiani. Msisimame pale kama wapokea wageni. Muacheni apande mwenyewe.

Namwona. Nauona uso wake, ulikuwa unakatwa na dirisha siku zote, leo nauona pamoja na mabega. Taratibu, mama, mteremko ni mkali kidogo. Ah... anarudi nyuma. Mkubwa, acha! Acha mikono yako hapo hapo, hajakuomba. Najua unaumia. Vumilia na wewe kidogo, mwenzako amevumilia zaidi.

Nini? Amesemaje? Rudia, Chuma, masikio yangu yanaziba.

Umemsikia, Mkubwa? Amesema shika kwa nyuma usinyanyue. Hajasema beba. Shika tu asirudi, kusukuma atasukuma mwenyewe. Hivyo. Hivyo hivyo. Lilikuwa neno dogo namna hiyo, nanyi mmenuniana nalo mpaka mmeota mvi.

Nasikia magurudumu juu ya mbao.

Wanangu, pumzi inakatika, nitasema kwa mafungu. Mlango msiurudishe. Usirudi kwenye bawaba mpaka mteremko wa saruji umejengwa, umekauka, na Chuma ameupanda na kuushuka akasema sawa. Yeye ndiye wa kusema sawa, si mwashi. Mwalimu anauliza wezi. Wezi waingie tu, hao ngazi hazijawahi kuwazuia. Acha nyumba ilale wazi, watu wapite waone, waulize, na Mkubwa awajibu.

Na mimi... mkinitoa, mnitoe kwa njia hiyo hiyo. Msinibebe begani. Tafuteni kitu chenye magurudumu, mnisukume. Nimebebwa vya kutosha.

Mkubwa, Mungu akupe mikono inayosubiri. Mwalimu, Mungu akupe jicho la kuona mtoto anayekausha koo. Mkipata, msisahauliane. Mkigombana, gombaneni ndani, wote watatu, asiwepo wa dirishani. Nimewaridhia. Nimewaridhia, pamoja na uchovu wenu wote.

Chuma, sogea. Karibu zaidi, kitanda kisikuzuie. Shazia hiyo hapo kwenye mto, ichukue mwenyewe, mkono wangu... hauinuki. Usijichome.

Una vumbi la nje usoni. Umekaa sana juani.

Karibu kwenu, mama.